Nimelipia tuisheni mbili za Speaking ya IELTS, ya kwanza ilinifundisha kudanganya kuhusu kuimba

Niseme mapema kabisa, IELTS ni mtihani wa Kiingereza na Speaking ni sehemu yake ya kuongea, na mi ni nesi, siyo mwalimu wa Kiingereza, kwa hiyo hapa naongea kama mteja aliyetoa hela mfukoni mara mbili. Hela ya kwanza laki tatu na nusu, darasa la wiki tatu hapa Dar, ghorofa ya tatu, lifti mbovu, jina silitaji. Hela ya pili laki moja na ishirini, mmama mmoja mwalimu mstaafu yuko Tanga, vipindi 8 kwa simu. Wote wawili walinifundisha pamoja na mengine namna ya kujibu mtahini akikuuliza habari za kuimba, na kwa jinsi kila mmoja alivyolifundisha ndo nikajua hela yangu ipi ilienda na maji.

Kwa wasiojua, ukitaka kusajiliwa unesi Uingereza baraza lao la manesi na wakunga, NMC, ukienda na njia ya IELTS wanataka ile ya Academic, upate 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, kuandika 6.5. Hizo alama zinaitwa bendi na zinaishia 9. Nilipomwambia mama natafuta bendi saba akaniuliza "bendi saba zote za nini, nani anaoa?" Sikumlaumu.

Mtihani wenyewe wa kuongea ni dakika 11 mpaka 14 tu, wewe na mtahini mmoja, na mnarekodiwa. Sehemu ya kwanza ni dakika 4 mpaka 5 za maswali mepesimepesi, unakaa wapi, unafanya kazi gani, halafu anaingia kwenye mada za kawaida kama chakula, hali ya hewa, maua, kuimba. Sehemu ya pili unapewa kadi, penseli na karatasi, dakika 1 ya kujiandaa halafu uongee peke yako mpaka dakika 2 hapo ndo anakukata hata kama ulikuwa unafika kwenye utamu. Sehemu ya tatu ndo mjadala, maswali yanapanda juu kidogo, mambo ya jamii, ya zamani na sasa. Wanapima vitu vinne kwa uzito sawa, kutiririka na kupangilia maneno, msamiati, sarufi, na matamshi. Ukiangalia hapo hakuna kipengele cha "una sauti nzuri" wala cha "jibu lako ni la kweli".

Hiyo ya mwisho ndo darasa langu la kwanza lilijengwa juu yake.

Basi tulikuwa watu 18, Ticha kijana mmoja mchangamfu, shati limepigwa pasi, Kiingereza kinamtoka kama maji ya bomba siku yakitoka. Siku ya kwanza tukagawiwa desa, kurasa kama 60 zimefungwa na waya, mada 40 na majibu yake. Kuimba ilikuwa namba 17. Swali, unapenda kuimba? Jibu, "Well, to be honest, I'm a huge fan of singing because it helps me unwind after a hectic day." Swali, unaimbaga wapi? Jibu, naimba bafuni nikiwa naoga maana mwangwi wa bafuni unanifanya nijione staa. Swali, kuimba kunaleta furaha? Jibu lina "over the moon" ndani yake. Tukaambiwa tukariri, kesho yake kila mtu anasimama anamwaga.

Kesho yake kweli tukasimama. Akasimama fundi viyoyozi anayeenda Canada, ni mshabiki mkubwa wa kuimba na anaimba bafuni. Akasimama binti anayetafuta masters, mshabiki mkubwa, bafuni. Akasimama kaka mmoja mpole ambaye tangu tuanze kozi hatujamsikia hata akipiga mluzi, na yeye bafuni, na yeye staa. Watu 18 tunaoga tunaimba. Mi nilivofika zamu yangu nilikuwa nacheka ndani kwa ndani kwa sababu naishi nyumba ya kupanga, bafu liko nje, na asubuhi wapangaji watatu wamesimama mlangoni na ndoo zao wanauliza bado tu? Uimbe pale uone.

Halafu sasa mi ni mwanakwaya! Naimba sauti ya pili tangu 2009, nimeimba harusi sijui ngapi, misiba, pasaka, mashindano ya jimbo, nimewahi kukaukiwa sauti siku ya uzinduzi wa albamu yetu nikawa nafungua mdomo tu mbele ya kamera. Yaani katika zile mada 40 kama kuna moja ambayo Mungu alinipa bure ni hiyo. Nikanyoosha mkono nikamuuliza Ticha, naweza kusema habari ya kwaya badala ya bafuni? Akasema unaweza lakini usijichanganye, baki kwenye desa, yale maneno pale yameshapimwa, mzungu anataka nahau. Nikabaki kwenye desa. Laki tatu na nusu nimeshatoa, nani anabishana na aliyempa hela.

Nisiwe mnafiki, kuna vitu pale vilikuwa vizuri. Walikuwa na chumba kidogo cha majaribio, mnakaa wawili, simu inarekodi, saa ya kuhesabia inalia, na mwisho mnasikilizana. Mara ya kwanza kusikia sauti yangu ikisema "aaah... you know... aaah" nilitaka kuingia chini ya meza. Ile dakika 1 ya kujiandaa na kadi ilinisumbua sana mwanzoni, nilikuwa naandika sentensi nzima nzima mpaka muda unaisha, pale nikajifunza kuandika maneno matano sita tu. Pia walituambia ukweli kwamba lafudhi yako siyo kosa, ili mradi unaeleweka, hakuna haja ya kubana pua. Hivyo vilinisaidia mpaka mwisho. Ila vyote vingefundishwa kwa siku tatu.

Na kulikuwa na yule dada mmoja, mcheshi sana, kwenye jaribio la kuimba aliamua kuimba kweli. Ticha akauliza unapenda nyimbo za aina gani, dada akashusha pumzi akaimba ubeti mzima wa gospo kwa Kiswahili, darasa zima tukapokea kiitikio, mpaka mlinzi akapanda juu. Raha sana ile siku. Ila Ticha hakumwambia kama ni sawa au siyo sawa, alipiga makofi tu.

Nikaenda kufanya mtihani. Maswali ya sehemu ya kwanza yale ya kazi na nyumbani nikajibu vizuri tu, halafu mtahini, mama wa watu, akageuza, sasa tuongee kuhusu kuimba. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, namba 17! Nikamwaga. Yaani nilimwaga bila koma, sauti ikapanda, macho yakaangalia ukutani kama mtoto anayesoma shairi siku ya mahafali, mshabiki mkubwa, siku ngumu, bafuni, mwangwi, staa. Yule mama hakununa wala hakucheka, akashukuru akaenda swali lingine. Na hilo lingine halikuwepo kwenye desa. Lilikuwa swali dogo tu la utotoni, kama niliwahi kufundishwa kuimba. Jibu ni NDIYO na ninayo stori ya nusu saa. Nikajiumauma, "Yes... I was... my teacher he... she... yes, at church." Kimya. Hapo mtu aliyekuwa anaongea kama mtangazaji wa redio sekunde 20 zilizopita sasa anaongea kama anavuka mto kwa mawe. Hata mi mwenyewe ningekuwa mtahini ningejua kuna kitu hapa kimekaririwa. Watahini wamefundishwa kukitambua hicho, na maneno ya kukariri hayakubebi.

Nikapata 6. Kusikiliza na kusoma nilipita, kuandika nilipita, kuongea 6. Nesi anayeongea na wagonjwa masaa 12 kwa siku.

Mmama wa Tanga nilipewa na shangazi yangu, walikuwa pamoja chuoni zamani. Amefundisha Kiingereza sekondari mpaka amestaafu, hana ofisi, hana bango, hana desa. Ana simu yenye kioo kilichopasuka na daftari. Namwita Madam, yeye ananiita mwanangu. Nilivyompigia nikamweleza yote akauliza, hilo jibu la bafuni unalo bado kichwani? Nikamwambia ninalo. Akasema "lisome." Nikasoma. Akanyamaza kidogo akasema "haya, sasa mwanangu nieleze kwaya yenu, kwa Kiingereza, usinipambie."

Nikaganda.

Hapa ndo pa kuangalia kama na wewe unajiandaa. Kumbe shida yangu haikuwa nahau. Maneno ya kukogea watu nilikuwa nayo, maneno ya vitu ninavyofanya kila Jumamosi jioni sina. Mtu anaanzisha wimbo, wengine tunapokea, hiyo kuanzisha na kupokea kwa Kiingereza ni nini? Mi nilikuwa nasema "start" na "receive", we receive the song, kama mzigo wa bandarini. Madam akanipa lead na answer, au join in, basi, maneno mafupi ya kila siku. Sauti ya pili nikawa nasema "second voice", akaniambia sema tu I sing alto, wataelewa. Kukaukiwa sauti nikasema "my voice dried", akacheka, akasema lose your voice, imekupotea wala haijakauka. Mtu akitoka nje ya sauti ya wimbo ni out of tune. Mwalimu anapotoa sauti kabla ya wimbo ni kwamba anatupa noti, gives us the note. Kwa kipindi kimoja nilijaza kurasa mbili za daftari na hakuna neno hata moja la kukogea watu, ila lile swali nililojiumauma nikawa naweza kulijibu mpaka nikakatwa.

Kipindi cha pili akaanza kunivua makosa, na ninayaandika hapa maana nilivyoongea na wenzangu wa darasa nikagundua ni ya kwetu wote, yanatoka kwenye Kiswahili moja kwa moja.

Kwanza kupiga. Sisi tunapiga kila kitu, tunapiga gitaa, tunapiga kinanda, tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga hadi picha. Yule fundi viyoyozi kwenye jaribio alisema mjomba wake "beats the piano every Sunday" na hakuna aliyemsahihisha, Ticha mwenyewe alipitiliza. Inaonekana mjomba ana hasira na kinanda. Kinanda kwa Kiingereza kinachezwa, play.

Pili yeye na yeye. Kiswahili a- ni a- tu, anaimba anaweza kuwa baba anaweza kuwa bibi, kwa hiyo ulimi wetu haujazoea kuchagua. Mwalimu wangu wa kwaya utotoni alikuwa mwanamke, mi kwenye stori moja namwita he mara tatu na she mara mbili, msikilizaji anajua walimu walikuwa wawili. Madam hakunieleza kanuni yoyote hapo, aliniambia kabla hujafungua mdomo mtazame usoni huyo mtu unayemsema, gauni lake, kilemba chake, halafu ndo uanze. Inasikika kama uganga lakini kwangu makosa yalipungua sana.

Tatu, tangu. "Naimba tangu 2009" mi nilikuwa natafsiri hivohivo, I am singing since 2009. Naimba yetu inabeba mizigo mingi, sasa hivi, kila siku, tangu zamani, Kiingereza kila mzigo una gari lake. I've been singing since 2009. Alinifanya niseme sentensi 10 za namna hiyo kuhusu maisha yangu, kukaa Dar tangu lini, kufanya kazi wodini tangu lini, kuvaa miwani tangu lini, mpaka ulimi ukalainika.

Na sasa ng'. Jamani hii ndo iliyonifanya niandike haya yote. Mi na wenzangu 17 tumekaa wiki tatu tunasema neno singing mara mia kwa siku na hakuna hata mmoja aliyetuambia tunalitamka vibaya! Madam akaniambia sema ng'ombe. Nikasema. Sema ngoma. Nikasema. Umesikia tofauti? Si nimesikia, mtoto wa darasa la kwanza anaisikia. Akasema basi, sing ni ng' ya ng'ombe, siyo ng ya ngoma. Singer ni sing'a. Ila finger ni finga, ile ya ngoma kabisa, g inasikika. Sisi tukiona n na g kwenye maandishi tunasoma ngoma moja kwa moja, tunasema singa, tena wengine tunaongeza irabu mwishoni, singi, nalavu singingi. Na cha kushangaza ni kwamba hiyo sauti tunayo! Kuna watu wa lugha nyingine wanahangaika kutamka ng'ombe mpaka jasho linawatoka, sisi tunang'aa, tunang'oa, tunang'ang'ania, halafu tukifika kwenye Kiingereza tunaiacha nyumbani kwa sababu hatukuona kaalama juu ya herufi. Nilivyoelewa hilo nikaanza kurekebisha maneno lukuki bila kufundishwa, morning, evening, nursing, young, long. Nursing! Kazi yangu mwenyewe nimekuwa nikiitamka na ngoma ndani yake miaka yote.

Jingine dogo linaloendana na hilo, th. Waliokulia pwani wanasema thamani na themanini vizuri, sisi wa kutoka bara wengine tunasema samani na semanini, sasa ukija kusema I think singing is good inakuwa I sink, nazama. Madam ni mtu wa Tanga hilo lilimkera kuliko yote, alinitamkisha themanini na thelathini wiki nzima, kwa Kiswahili kwanza, ndo akanirudisha kwenye think.

Kwenye sehemu ya tatu ndo alinibana zaidi. Maswali yake yanaweza kuwa kwa nini watu wanaimba pamoja, au kama kuimba kuna umuhimu kwenye utamaduni, vitu vya namna hiyo. Desa lilikuwa na jibu moja la hivyo lote, kuimba kunapunguza msongo wa mawazo. Madam akauliza wavuvi wakivuta jarife, ule wavu mkubwa, wanafanyaje? Nikasema wanaimba. Kwa nini, wana msongo wa mawazo? Nikacheka. Nikaanza kueleza kwamba wanaimba ili wavute kwa pamoja, mtu mmoja akivuta kabla ya wenzake nguvu inapotea, wimbo ndo unawapangia sasa, vuta, pumzika, vuta. Akasema hilo ndo jibu, liseme kwa Kiingereza hivohivo lilivyo, so that everybody pulls at the same time. Halafu akaniambia taja na pengine, nikataja kutwanga, michi mitatu kwenye kinu kimoja, usipofuata wimbo unagonga mchi wa mwenzio. Nikataja msibani usiku, wimbo unaposhika pale maneno yanapoisha. Mwisho nikajikuta nimeongea dakika tatu kuhusu kuimba na sijagusa bafu.

Kwa ajili ya kadi aliniambia nitafute mwimbaji mmoja wa kumsimulia, mi nikachagua staa wa sasa, nikawa nasema he is amazing, his voice is amazing, his shows are amazing. Akasema huyo hana stori, au anayo ila wewe huijui. Akaniambia mchukue Siti binti Saad. Jina nilikuwa nalijua kama jina la mtaa tu, basi akanisimulia, amezaliwa Fumba huko Unguja miaka ya 1880 kwenye familia masikini, alikuwa akitembeza vyungu kuuza huku akiimba, baadaye akahamia mjini akajifunza taarabu, akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akavuka bahari mpaka Bombay kurekodi santuri. Amefariki 1950. Sasa angalia stori hiyo ilivyo tamu kwa sarufi, alikuwa akiuza ni used to sell, alipokuwa anatembea ni while she was walking, kabla hajaenda Bombay ni before she went, na yote ni she, she, she, hakuna nafasi ya kuteleza. Dakika 2 zinaisha hujamaliza. Nilimsimulia mgonjwa mmoja Mzungu wodini kwangu kama jaribio, akaniuliza maswali mpaka nikachelewa kubadilisha dripu ya kitanda cha jirani (nilibadilisha, msianze).

Nikamuuliza pia lile la yule dada, ukiulizwa habari ya kuimba unaweza kuimba kidogo mbele ya mtahini? Akasema "wakikuuliza habari ya chakula utapika?" Halafu akafafanua, hakuna atakayekufukuza, lakini wanapima unavyoongea, sekunde 15 za wimbo wa kukariri ni sekunde 15 hujaonyesha Kiingereza chako, tena kama ni wa Kiswahili ndo kabisa.

Haya, ubaya wa Madam, maana upo. Intaneti ya kwake inakatika, vipindi viwili tulimalizia kwa simu ya kawaida na vocha ilikuwa yangu. Ana jogoo. Huyo jogoo yuko kwenye kila rekodi yangu, kuna rekodi moja nasema I've been singing since na jogoo anamalizia. Anatuma voisi saa 11 alfajiri na anataka jibu kabla hujaenda kazini. Hatoi bendi, ukimuuliza mi ni ngapi sasa hivi anasema siyo kazi yake, kwa mtu mwenye wasiwasi kama mi hilo linatesa. Hafundishi kuandika, kwa hiyo kama shida yako ni insha usimpigie. Na ni mkali, siku moja nimetumia lile la unwind after a hectic day kwa mazoea tu akakata simu. Nilidhani mtandao. Haukuwa mtandao.

Na kitu kingine ambacho hakipo kwake ni yale mazoezi ya kukaa na mtu usiyemjua ana saa mezani. Yeye anatumia saa ya ukutani na ya kwake nadhani inachelewa. Kama nisingepitia lile chumba dogo la ghorofa ya tatu ningeenda mtihanini nimeiva kwa maneno lakini roho inadunda. Kwa hiyo siwezi kusema darasa la kwanza halikunipa kitu, ila walichonipa cha maana wao wenyewe walikichukulia kama nyongeza, na kile walichokiuza, lile desa, ndo kilinipeleka chini.

Mara ya pili kuimba hakukuja. Nilikaa pale nasubiri kuimba kama mtu anayesubiri daladala ya mwisho, hakukuja kabisa. Kadi ikaja ya mtu aliyewahi kunifundisha kitu, maswali siyaandiki yalivyo, ila mi nikamchukua mwalimu wangu wa kwaya, gauni lake la kitenge na kilemba, nikamwangalia usoni kwanza kama nilivyoelekezwa, nikaanza. Jinsi alivyokuwa anatupa noti kwa kugonga kidole mezani. Jinsi alivyonihamisha kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili nikalia njia nzima kurudi nyumbani. Nikachapia mara mbili tatu hivi, nikajirekebisha nikaendelea, penye neno nililokosa nikazunguka. Mtahini akanikata kwenye dakika 2 nikiwa katikati ya sentensi na nikasikia vibaya kweli kwa sababu nilikuwa nataka amjue huyo mama.

Saba kamili. Haikuzidi hata nusu lakini saba ni saba, na majibu yanadumu miaka 2 kwa hiyo sasa nakimbizana na makaratasi mengine. Mama nimemwambia bendi zimepatikana.

Manesi wenzangu wawili wameniuliza kwa nini sikufanya OET, mtihani mwingine wa Kiingereza wa watu wa afya, ambao NMC wanaukubali pia, kule kwenye kuongea ni maigizo ya nesi na mgonjwa, hakuna kuimba wala maua. Jibu ni kwamba sikuujua mapema, ningeujua labda ningeufanya. Ila nisingekutana na Madam, na bado ningekuwa nasema nursing na ngoma.

Kwa nyota basi. Darasa la ghorofani mbili na nusu, zote ni za kile chumba cha majaribio na kwa Ticha kuwa mtu wa watu, bei ni kubwa mno kwa desa la kukariri, kama wakikuruhusu lipia wiki ya majaribio tu. Madam nne na nusu, nusu nimeikata kwa ajili ya intaneti na jogoo. Namba yake siiweki hapa, kaniambia hataki wanafunzi zaidi ya wanne kwa wakati mmoja na saa hizi anao watano, wa tano ni yule kaka mpole wa darasani, nilimpeleka mimi. Anasema kipindi cha kwanza aliulizwa kama anapenda kuimba akajibu hapana, hapendi kabisa, akaambiwa vizuri sana, sasa eleza kwa nini.